Kanga ya mke wangu na nyama za paja

Barafu ya kwanza niliyowekewa pajani ilinuka sangara. Ilitoka kwenye boksi la mchuuzi aliyekuwa anapita na baiskeli nje ya uwanja, anarudi nyumbani na samaki wawili waliobaki, na wenzangu wakamsimamisha kwa kelele kana kwamba nyumba inaungua. Akavunja bonge kwa kitako cha kisu, likafungwa ndani ya jezi ya mtu, likakandamizwa nyuma ya paja langu la kushoto. Nililala kifudifudi juu ya saruji iliyokuwa bado ina moto wa jua la saa kumi na moja, pua imejaa harufu ya samaki, nawaza kitu kimoja tu: nitapandaje kwangu? Nakaa Bugarika juu, hapa Mwanza, kule ambako bodaboda hukuacha chini, na kinachobaki ni ngazi za mawe hadi mlangoni.

Mimi nauza nyavu na kamba karibu na Mwaloni, Kirumba. Kikapu nacheza Jumamosi na Jumapili jioni, na Jumatano kama wateja wameisha mapema. Tangu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili mwaka 2009 kwenye drafti ya NBA, yaani pale timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, nadhani hakuna kijana mrefu wa Kitanzania ambaye hajaambiwa na mjomba wake aende akajaribu kikapu. Mimi urefu huo sina. Nilichokuwa nacho ni mbio. Siku ile nilikuwa na miaka 34, umri ambao mchezaji wa mtaani bado anajiona ana 22 mpaka mwili umkatalie.

Ilikuwa robo ya tatu. Nilipokonya mpira katikati ya uwanja, mbele yangu hakuna mtu, nikafyatuka kwenda kufunga leiapu. Nakumbuka mguu wa kushoto ulikuwa umetangulia mbele, goti linanyooka, kisigino kinataka kugusa chini, ndipo nikasikia kitu kimekatika nyuma ya paja. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama uzi wa nyavu iliyonasa kwenye jiwe chini ya maji: unavuta, unavuta, kisha *tap*, na mkono unabaki mwepesi. Mpira uliendelea na safari yake nje ya uwanja. Mimi nikaruka kwa mguu mmoja hatua tatu, nikaenda chini.

Wenzangu walidhani nimebanwa na msuli. Wawili wakanishika mguu, wakauinua ukiwa umenyooka, mmoja akasukuma vidole vyangu vielekee usoni kwangu, huku wengine wanapiga kelele, "Mnyooshe! Mnyooshe!" Nilipiga ukunga ambao hadi leo wananitania nao. Msuli uliobana ghafla ukinyooshwa taratibu huachia, ni kweli, na wao walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi kwa watu wengine wakashukuriwa. Lakini nyama iliyochanika ukiivuta siku hiyo hiyo unaendelea kuichana. Tofauti ni rahisi ukishaijua: kubana huja kama ngumi iliyofumba, unaweza kuishika na kuisikia imekuwa ngumu, kuchanika huja kama mtu amekupiga jiwe kwa nyuma, na wengi wetu hugeuka kutazama nani amelirusha. Mimi niligeuka.

Usiku ule nikafanya kosa la pili, na hili nililifanya kwa pesa yangu. Jirani aliniletea babu mmoja anayesifika kwa kuchua. Simlaumu, amewahi kunisaidia kiuno vizuri kabisa. Alichemsha maji, akakanda kwa taulo la moto, kisha akaingiza vidole gumba ndani ya paja na dawa ya kuchua inayowaka kama pilipili. Nilimlipa, akasema "wabeja sana", akashuka mlima. Asubuhi nyuma ya paja lote hadi karibu na goti palikuwa na rangi ya bilinganya. Damu iliyokuwa inajaribu kutulia ilikuwa imefunguliwa mlango. Kuchua kuna siku yake, lakini siku ile haikuwa siku yake.

Nikakaa wiki mbili. Maumivu yakaisha wakati wa kutembea, ngazi zikapandika, na mimi nikajipima kwa kipimo ninachokijua tangu shule ya msingi: nikasimama, nikainama, nikagusa vidole vya miguu. Nikaona nimepona. Siku ya 16 nikarudi uwanjani, na dakika ya tano hivi pale pale pakachanika tena, safari hii bila hata mbio za maana. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kitu kinachoongoza kwa kutabiri nani atachanika nyama za paja ni kuwa aliwahi kuchanika. Ningeambiwa mapema ningesikia? Sina hakika.

Ndipo nikaenda hospitali, nikapelekwa kitengo cha mazoezi tiba. Mtaalamu alikuwa binti ambaye mtaani ningemwita mdogo wangu, ila ndani ya chumba kile nilimwita dokta na yeye akaniita kaka. Nilikuwa nimejiandaa kusimulia mechi. Yeye akaanza na dukani: nakaa kwenye nini, kwa saa ngapi, goti likiwa vipi. Nikamwambia nakaa kwenye kigoda tangu saa moja asubuhi, miguu imekunjwa, nashona nyavu na kuunga kamba, nikiinuka ni kwa ajili ya mteja. Akaandika. Kisha akasema, "Haya, gusa vidole."

Nikavigusa kwa majivuno. Alikuwa amenipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, kutoka ubavuni, akanionyesha. Mgongo wangu ulikuwa umepinda kama ndoano ya sangara. Fupanyonga, yaani ule mfupa mkubwa tunaouvalia mkanda, halikuwa limeinama hata kidogo. "Vidole umevigusa kwa mgongo, kaka. Paja halikushiriki."

Akanieleza kwa kunigusa. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu. Inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaouma ukikaa juu ya jiwe, inashuka hadi chini ya goti, miwili upande wa ndani na mmoja upande wa nje. Kwa hiyo inavuka viungo viwili, nyonga na goti, na kuinyoosha sawasawa inabidi nyonga iiname wakati goti limenyooka. Ukipinda mgongo badala ya kuinamisha nyonga, ile misuli inabaki imelala tu. Nilipokuwa nakimbilia lile goli, nyonga ilikuwa imekunjwa mbele na goti linanyooka. Misuli ilikuwa imevutwa pande zote mbili, na wakati huo huo inatakiwa ifunge breki ili mguu usirushwe mbele. Hapo ndipo wakimbiaji wengi huchanikia.

"Umewahi kumwona mama akipandikiza mpunga?" akaniuliza.

Nimekulia kwenye majaruba. Nikaona mara moja anachosema. Mama yangu aliweza kuinama kutwa nzima ndani ya maji, miguu karibu imenyooka, mgongo umelala kama meza, anasogea kinyumenyume anachomeka miche. Hakuwa amepinda mgongo. Alikuwa amejikunja kwenye nyonga kama bawaba ya mlango. Dokta akaniambia nisimame, niweke fimbo ya ufagio mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mkia, kisha niiname bila fimbo kuachia hata sehemu moja. Nilifika robo ya njia, nyuma ya mapaja pakawaka moto. Mimi, mgusa vidole. Mama yangu wakati ule alikuwa na umri mkubwa kuliko wangu wa leo.

Kisha akanilaza chali. Paja likasimamishwa wima, nyonga nyuzi 90, nikaambiwa ninyooshe goti mwenyewe bila kusogeza paja. Akashika kipima pembe, kile cha plastiki chenye mikono miwili, nikakumbuka hesabu za kidato cha pili. Goti la kulia lilibakiza nyuzi 27 kunyooka, la kushoto 41. Akasema wengi wao huanza kusema mtu amekaza akibakiza zaidi ya 20. Kwa hiyo hata mguu wangu mzima haukuwa mzima sana.

Kipimo kilichofuata ndicho kilichonibadilisha kichwa, na ni yeye aliyenifanya nitake kuandika haya. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mikono nyuma. Akaniambia nijilegeze mgongo uiname, kidevu kishuke kifuani, kisha ninyooshe goti la kushoto na kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwangu. Nyuma ya paja pakabana vibaya, pale pale ninapopajua. "Usisogeze mguu. Inua kichwa tu, tazama ukuta." Nikainua kichwa. Mbano ukapungua kama nusu, na goti likaongezeka kunyooka lenyewe. Nikashusha kidevu, ukarudi. Nikainua, ukaondoka. Nilirudia mara nne kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

"Msuli wa paja unafika shingoni?" akaniuliza.

Haufiki. Kinachotoka huko juu, kikapita ndani ya uti wa mgongo, kikashuka nyuma ya paja hadi unyayoni ni mishipa ya fahamu, na mkubwa kuliko yote mwilini ndio unaopita pale pale kati ya ile misuli. Sehemu ya kile nilichokuwa nakiita kukaza kwa nyama ilikuwa ni mshipa huo kukataa kuvutwa, labda kwa sababu ya kidonda kilichokuwa kinapona kando yake na labda kwa sababu ya kile kigoda changu. Mshipa wa fahamu haupendi kushikiliwa kwenye mvuto kama msuli. Unapenda kuteleza. Kwa wiki nzima ile nilikuwa najivuta mguu juu ya kreti la soda dukani hadi unyayo unakufa ganzi, nikidhani ganzi ndiyo dawa inaingia.

Zoezi alilonipa kwa ajili ya huo mshipa ni dogo kiasi kwamba niliona aibu kulifanya mbele ya watu. Unakaa, unanyoosha goti huku unainua kichwa. Unakunja goti huku unashusha kidevu. Mvuto ukiongezwa chini unapunguzwa juu, mshipa unateleza kama kamba kwenye kapi bila kukazwa. Mara kumi, polepole, mara mbili tatu kwa siku. Ukisikia ganzi au sisimizi, umevuka mpaka, punguza. Nililifanya pale pale kwenye kigoda, na wateja walidhani nasinzia.

Mimi nikamuuliza swali la muuza kamba: sasa huu msuli umefupika, tutaurefusha kwa siku ngapi? Akacheka. "Kaka, kila mtu anakuja na hilo." Akasema msuli wa mtu mzima haukatiki ukaungwa ukawa mrefu kwa kuvutwa nusu dakika. Kuna mapitio ya tafiti ya mwaka 2010, ya wataalamu wawili, Weppler na Magnusson, yanayoonyesha kwamba mtu akinyoosha kwa wiki chache, sehemu kubwa ya anachopata ni kuzoea: mwili unakubali kufika mbali zaidi kabla ya kupiga kengele. Nikabishana naye kidogo kwa heshima ya biashara yangu. Nikamwambia kamba ya katani ikilowa maji hufupika, ya nailoni ukiivuta inarefuka halafu inarudi. Akasema basi nifikirie nailoni, lakini yenye mlinzi amekaa juu yake anayeamua iachiwe kiasi gani, na mlinzi huyo hashawishiki kwa kupigwa. Ukimvamia anafunga mlango.

Kazi ya kwanza ya kumbembeleza mlinzi ilihitaji kanga. Unalala chali, mguu mmoja umenyooka chini, unapitisha kanga kwenye unyayo wa mwingine, unauinua goti likiwa limenyooka, au karibu limenyooka, mpaka unasikia mvuto wa kuvumilika. Mvuto, wala si maumivu. Ukiwa unakunja uso umezidisha. Unakaa hapo sekunde 30. Kabla ya hapo mimi nilikuwa navuta kwa sekunde kumi huku nadundadunda, kama tulivyofundishwa kwenye gwaride la shule. Hizo 30 zina historia. Mwaka 1994 Wamarekani wawili, Bandy na Irion, waligawa watu wenye nyama za paja zilizokaza katika makundi, wengine wakashikilia sekunde 15, wengine 30, wengine 60, siku tano kwa wiki, wiki sita. Wa 30 na wa 60 waliwapita wa 15, lakini wa 60 hawakuwapita wa 30. Miaka mitatu baadaye wakarudi wakaona hata kufanya mara tatu kwa siku hakukuzidi mara moja. Kwa mtu anayefunga duka saa moja usiku na kupanda mlima, hizi ni habari njema kuliko dawa yoyote. Sekunde 30, mara moja kwa siku, siku tano. Mimi nilifanya mara mbili kila mguu kwa sababu sikuamini.

Kazi ya pili ilihitaji mke. Dokta alimwita ndani, akamfundisha. Mimi nalala chali, yeye anapiga goti, kisigino changu kiko begani kwake, anauinua mguu hadi mvuto uanze. Kisha mimi nasukuma bega lake chini kwa kisigino, sekunde sita, kwa nguvu kama nusu hivi, naye hakubali kusogea. Halafu "achia", napumua nje, na mguu wenyewe unapanda inchi mbili tatu zaidi kama vile umepewa ruhusa. Anaushikilia hapo sekunde 20 hivi, tunarudia mara tatu. Mbinu hii ilianzia Marekani miaka ya 1940, kwa daktari Herman Kabat na mtaalamu Margaret Knott, nao walikuwa wanashughulika na watu waliopooza, mambo ya polio, hawakuwa na habari na wacheza kikapu. Siku ya kwanza tulifanya mlango ukiwa wazi. Shemeji yangu akaingia bila hodi, akatukuta hivyo, akarudi nyuma akapiga hodi.

Mke wangu aligundua kitu ambacho sikukiona: nilikuwa nasukuma kwa nguvu zote, kama mashindano. "Kwani unapigana na mimi?" Akasema nikisukuma kidogo ndipo mguu unaachia zaidi. Nilipomweleza dokta, akasema mama amekuwa mtaalamu. Lakini pia akatuonya kwamba nafasi inayopatikana hapo haikai. Ukiinuka ukaenda kukaa kwenye kigoda, inayeyuka ndani ya dakika chache. Inabaki kwa kurudiarudia, na inabaki zaidi ukiipa nguvu.

Hapo kwenye nguvu ndipo nilipokaribia kuacha. Nilikwenda kutafuta ulaini, nikaambiwa ninyanyue mizigo. Hoja yake ilikuwa kwamba msuli dhaifu hujilinda kwa kukaza, na kwamba msuli uliozoezwa kubeba mzigo huku unarefuka ndio unaoweza kufunga breki goti linaponyooka kwenye mbio. Tukaanza na ile bawaba ya mama: nainama kwenye nyonga nimeshika furushi la nyavu la kilo 20, magoti yamelegea kidogo, nashuka kwa kuhesabu hadi nne, napanda kwa mbili. Dukani mzigo huo ninao tele. Baada ya wiki tatu nilikuwa nainama hadi katikati ya vigimbi, mgongo umelala, na yule mvuto ulikuwa umehamia mahali pake pa haki, katikati ya paja.

Kisha likaja zoezi la Nodiki. Unapiga magoti juu ya mkeka, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, mwili umenyooka toka magotini hadi kichwani, halafu unaanguka mbele polepole kadiri nyama za paja zinavyoweza kukushikilia. Zikishindwa unajidaka kwa mikono. Mimi nilishindwa nyuzi za kwanza kabisa. Nilianguka kama gogo, kifua kikapiga mkeka. Kule Denmark waliwapa zoezi hili wachezaji wa mpira wa miguu, wa kulipwa na wa ridhaa, timu 50 zilizogawanywa mafungu mawili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliolifanya walipata majeraha mapya na ya kujirudia 15, wasiolifanya 52. Ni mpira wa miguu, najua, na sisi kwenye uwanja wa mita 28 mbio zetu ni fupi na breki ni nyingi. Lakini nyama ni zile zile, na mimi nilikuwa nimeshachanika mara mbili.

Utaratibu wao unaanza kwa unyenyekevu: wiki ya kwanza siku moja tu, seti mbili za tano. Wiki ya pili siku mbili, seti mbili za sita. Mimi niliona hizo ni za watoto, nikafanya seti nne za kumi siku ya kwanza. Kesho yake nilishuka zile ngazi za Bugarika kwa makalio. Msuli usiozoea kufunga breki ukifungishwa breki nyingi huuma siku mbili tatu, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu karatasi ya dokta ilikuwa ukutani.

Jambo moja nililobishana nalo uwanjani kuliko yote ni kuhusu kabla ya mechi. Kawaida yetu ni kufika, kukaa chini kwenye duara, kuvuta miguu dakika kumi huku tunapiga soga, halafu tip-ofu, mpira unarushwa juu na mechi inaanza. Nikawaambia zile vutavuta ndefu tuziache ziwe za usiku nyumbani. Ukiushikilia msuli mmoja kwenye mvuto zaidi ya dakika nzima kisha ukataka uruke mara moja, nguvu yake inapungua kidogo, na hata hivyo bado umekaa chini, mwili haujapata joto. Tunachofanya sasa ni kukimbia taratibu ukingo hadi ukingo, kurusha mguu mbele na nyuma tumeshika nguzo ya goli, kutembea huku tunainua mguu ulionyooka, ile bawaba mara kumi, halafu mbio tatu nne zinazoongezeka kasi, ya mwisho karibu na kasi ya mechi. Kocha wetu, mzee aliyecheza enzi za viatu vya raba za turubai, alitazama wiki mbili bila kusema neno. Wiki ya tatu akasema, "Angalau mmenyamaza soga."

Kigoda sikukitupa, ila nimeweka meza ndefu ya kushonea ambayo nasimama. Kila nikimaliza kuunga kipande cha nyavu nasimama, nikianza kingine nakaa. Korongo wa pale Mwaloni husimama kutwa kwa mguu mmoja, na vijana wa dukani wanasema naelekea huko.

Wiki ya 12 dokta akanipima tena. Kulia goti lilibakiza 19, kushoto 23. Nilitegemea sifuri. Akaniuliza sifuri ninaitaka ya nini, naenda kucheza sarakasi? Alichotaka yeye ni pande mbili zikaribiane, nguvu zikaribiane, na nikimbie kwa kasi kamili mazoezini mara kadhaa kwa siku tofauti bila kusikia kitu, ndipo nicheze mechi. Kukaribia kasi kamili nilikupanda kwa hatua: nusu kasi wiki moja, robo tatu wiki iliyofuata, kisha kasi yote, kisha kasi yote na kusimama ghafla. Kwa mcheza kikapu hiyo ya kusimama ghafla ndiyo yenye mtihani.

Nikarudi. Mechi ya kwanza niliingia robo ya pili tu, na nilipopata mpira peke yangu mbele ya goli lao nilipunguza mwendo bila kukusudia. Beki akanifikia akanipokonya. Paja lilikuwa limepona kabla ya kichwa. Ilichukua kama mwezi kabla sijafyatuka tena bila kusikiliza nyuma.

Siku hizi Jumatano baada ya mazoezi, wachezaji watano sita hubaki, wanalala chali pembeni ya uwanja, miguu juu, kila mmoja na kanga aliyoitoa kwao bila kuaga. Yupo kijana wa miaka 19 anayesema yeye hana haja, anagusa vidole. Nimempiga picha kutoka ubavuni, nimemtumia, hajajibu. Kanga yangu imeshafifia maandishi pale unyayo unapokaa, neno la katikati halisomeki tena. Juzi mke wangu aliikunja, akaniwekea juu ya begi la mazoezi, akaniambia hiyo sasa ni yangu, na kwamba yeye anadai doti. Kesho nikitoka dukani napitia mjini.